Pikipiki inayogonga asubuhi ifike kwa fundi ikiwa bado baridi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wenye pikipiki, hasa madereva wa bodaboda na matajiri wao, juu ya jambo linalowala pesa kila kipupwe kikiingia. Huku kwetu Njombe, na kwa jirani zetu wa Makete na Mufindi, kuanzia Juni mpaka Agosti pikipiki za zamani hulia asubuhi. Dereva anapiga kiki, injini inawaka, na ndani kunagonga. Dakika mbili tatu zikipita mlio unapungua, au unakata kabisa. Anapakia abiria, anazunguka mpaka saa sita mchana, ndipo anapita gereji: "Fundi, asubuhi inagonga." Fundi anawasha, anapiga resi, hasikii kitu. Hapo ramli inaanza. Mmoja anasema cheni ya taimingi, mwingine krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), na jioni injini imeshashushwa iko kwenye beseni.

Ombi langu ni hili: mlio wa injini baridi upimwe injini ikiwa baridi. Pikipiki ilale gereji, au fundi amfuate mwenyewe nyumbani alfajiri kabla kiki haijapigwa. Injini ikishapata moto ushahidi umeondoka, na fundi hata awe hodari vipi anabaki kukisia kwa gharama ya mwenye chombo.

Sababu yake ni kwamba alumini na chuma havitanuki sawa. Pistoni ya injini za cc 125 zilizojaa mitaani ina kipenyo cha karibu 56.5 mm. Joto likipanda nyuzi 100, pistoni hiyo ya alumini inaongezeka kipenyo kwa takribani 0.12 mm, wakati slivu ya chuma inayoizunguka inaongezeka kwa takribani 0.06 mm. Nafasi kati yao inapungua kwa kiasi hicho kinachobaki, na kwa injini hicho ni kiasi kikubwa. Pistoni iliyolika ambayo alfajiri inayumba na kupiga ukuta wa slivu, mchana imejaa mahali pake na imenyamaza. Gasketi ya ekzosi iliyochoka inavuja asubuhi, bomba likitanuka inaziba. Oili iliyoganda inachelewa kufika juu, ikilainika inapita. Kwa hiyo muda ambao mlio unachukua kupotea unaeleza mengi kuliko mlio wenyewe. Chukua simu, washa saa yake na kinasa sauti kwa pamoja, ndipo upige kiki.

Lakini kabla ya hiyo kiki, kuna kazi ya dakika tano ambayo wengi wanairuka.

Simamisha pikipiki wima mahali pa tambarare, toa kijiti cha oili, kifute, kirudishe. Kwenye injini za aina ya Honda CG, kijiti kinawekwa tu juu ya tundu bila kukaza nyuzi zake, halafu kinatolewa na kusomwa. Anayekikaza ndipo asome anajidanganya, kwa sababu kimezama zaidi na oili inaonekana nyingi kuliko ilivyo. Injini hizi zinabeba kama lita moja tu, hivyo robo lita ikipungua si jambo dogo. Kisha nusa. Oili yenye harufu ya petroli, nyepesi kama maji na iliyopanda kupita alama ya juu, maana yake kabureta imevuja usiku: sindano ya boya imelika au imekwama na uchafu, na koki ya petroli iliachwa wazi. Petroli ikipita kwenye silinda inaosha kuta zake na kushuka chini kwenye oili. Injini hiyo lazima igonge ikiwashwa, na usiiwashe. Mwaga oili yote, rekebisha sindano, weka oili mpya, ndipo usikilize tena. Mara nyingi mlio unaishia hapo, na dawa yake ya kila siku ni kufunga koki kila jioni.

Halafu shika vitu vya nje. Bolti zinazofunga injini kwenye fremu, kinga ya ekzosi, sahani ya namba, kifuniko cha cheni, pedali ya kiki. Tikisa kimoja kimoja kwa mkono. Cheni ya nyuma iliyolegea ikipiga kifuniko inatoa mlio unaofanana sana na wa injini, hasa pikipiki inapoanza kuondoka. Haya ni mambo ya spana mbili, na inauma kuona injini imefunguliwa kumbe bolti ya chini ya fremu ilikuwa na nyuzi mbili tu.

Jua pia ni injini gani uliyo nayo, maana mlio wa cheni ya taimingi hauwezi kutoka kwenye injini isiyo na cheni hiyo. Honda ilitoa CG125 mwaka 1976 ikiwa na pushirodi: kamshafti (shafti inayofungua valvu) iko chini, inazungushwa na gia, na fimbo mbili zinasukuma roka, yaani vipande vinavyobonyeza valvu kule juu. Wachina wameiiga kwa wingi, na pikipiki nyingi za bei nafuu tulizo nazo zimebeba injini hiyo. Boxer na TVS zina kamshafti juu kwenye hedi (kichwa cha injini), inayozungushwa na cheni, hiyo ya taimingi. Namba zilizogongwa kwenye krenkesi (kasha la chini la injini), mfano 156FMI au 162FMJ, zinasema silinda ni moja na kipenyo chake ni cha milimita 56 au 62. Hazisemi kama ni pushirodi au cheni, kwa sababu 156FMI ipo ya aina zote mbili. Angalia ubavuni mwa bloku, yaani sehemu yenye silinda. Ukikuta kitensheni (kifaa cha kukaza cheni) kimefungwa kwa bolti mbili ndogo, hiyo ni ya cheni. Kama hakuna, usikubali kuuziwa cheni ya taimingi.

Sasa washa. Tumia kiki kwanza hata kama stata inafanya kazi, kwa sababu klachi ya stata iliyolika ina mkwaruzo wake wa chuma, na inaweza kukupeleka njia isiyo yako. Kama mlio upo kwa stata na haupo kwa kiki, umeshapata jibu. Usivute resi. Acha choki ishikilie injini, na uchukue bisibisi ndefu: mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, ncha kwenye chuma cha injini. Anzia kwenye kifuniko cha tapeti, shuka kwenye bloku mbele kisha nyuma, kisha krenkesi upande wa magneto (gurudumu la kuzalisha umeme), kisha upande wa klachi. Angalia nywele, mikono ya shati na lemba. Mahali mlio unapoingia sikioni kama umepigwa na nyundo ndogo ndipo penye ugonjwa, au karibu yake, maana chuma husafirisha sauti. Ndiyo sababu lazima uguse sehemu zote, ulinganishe, usisimame kwenye ile ya kwanza iliyosikika.

Usijaribu kuhesabu mapigo. Injini ikizunguka mara 1,400 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 700 kwa dakika hiyohiyo, yaani karibu 12 kwa sekunde. Hakuna sikio linalohesabu hivyo. Sikiliza uzito wa mlio na mahali ulipo.

Mlio mwembamba wa haraka, kama cherehani, unaotoka kwenye kifuniko cha juu, ni tapeti, yaani nafasi kati ya roka na mkia wa valvu imezidi. Injini ikipata moto unaweza kupungua kidogo lakini hauishi. Huu ndio mlio usio na madhara ya haraka kuliko yote, na ndio unaotibiwa vibaya kuliko yote. Fundi anauchukia, anabana skrubu mpaka kimya. Kumbe valvu ya ekzosi iliyobanwa haikai vizuri kwenye kiti chake, na pale inapokaa ndipo inapopozea joto lake. Baada ya wiki chache inaungua ukingoni, kiki inakuwa nyepesi, pikipiki inagoma kuwaka asubuhi. Tapeti inayolia kidogo ni salama kuliko tapeti iliyonyamazishwa.

Kwenye CG125 nafasi ni 0.08 mm kwa valvu zote mbili, injini ikiwa imelala usiku kucha. Injini za cheni zina vipimo vyake, na mara nyingi valvu ya ekzosi hupewa nafasi kubwa kuliko ya kuingizia, hivyo tazama kitabu cha pikipiki yako. Toa plagi ili injini izunguke kwa urahisi, fungua kifuniko cha magneto, zungusha nati ya katikati kinyume cha saa mpaka alama ya T ikutane na alama ya kwenye kasha. Tikisa roka zote mbili. Zote zikicheza kidogo, uko sahihi. Moja ikiwa ngumu, uko kwenye mzunguko mwingine: zungusha duara moja kamili zaidi. Kosa hili ni la kila siku, na anayebana tapeti kwenye mzunguko usio wake anaharibu kilichokuwa kizima.

Fila geji (bati jembamba la kupimia nafasi) ya 0.08 ipite kwa ukinzani mdogo, kama unavuta karatasi iliyolaliwa na daftari. Shika skrubu kwa bisibisi isizunguke, kaza nati yake, kisha pima tena, kwa sababu nati ikikazwa huivuta skrubu na nafasi hubadilika. Asiye na fila ajue kwamba wembe wa kawaida wa pande mbili una unene wa karibu 0.1 mm. Ukipita kwa ulaini, nafasi imezidi. Wembe unafaa kwa ukaguzi wa namna hiyo tu, hauwezi kuwa kipimo cha kusetia. Kipande cha msumeno wa chuma ni karibu 0.6 mm. Kinakadiria mwanya wa plagi, lakini kwenye tapeti ni mara saba au zaidi ya kinachotakiwa.

Na ukishasetia sawasawa mlio ukabaki palepale? Toa roka uangalie uso wake unaogonga mkia wa valvu. Zile zilizotumika miaka mingi huwa na kishimo kidogo kilichochimbwa na mkia wa valvu. Fila inapita juu ya kingo za kishimo na kukuambia 0.08, wakati chini yake kuna nafasi mara mbili ya hiyo. Hakuna kusetia kutakakotibu hapo ila kubadili roka. Pushirodi nazo zibiringishwe juu ya kioo: iliyopinda itarukaruka.

Mlio mzito, mtupu, kama mtu anabisha mlango wa mbao kwa kifundo cha kidole, unaosikika kwenye bloku na kupotea ndani ya dakika moja hadi tatu, huo ni wa pistoni kuyumba. Ndio mlio halisi wa baridi. Unaweza kuuthibitisha bila kufungua kitu. Injini ikiwa baridi, toa plagi, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu, yaani kama mililita 5, usizidishe. Piga kiki mara nne tano plagi ikiwa nje ili oili isambae na ya ziada iruke, elekeza uso pembeni. Rudisha plagi, washa. Mlio ukiwa umefifia kwa dakika ya kwanza kisha ukarudi kidogo oili inapoungua, pistoni imekiri. Moshi utatoka, usiogope, ni ile oili.

Hapo sasa ndipo busara inapohitajika kuliko spana. Pistoni inayogonga dakika moja ya asubuhi, isiyotoa moshi wa buluu ikipata moto, isiyokula oili, inaweza kufanya kazi miezi mingi bila kufunguliwa. Mimi kipimo changu ni oili. Ikila zaidi ya robo lita kwa kilomita 1,000, au mlio ukianza kuchukua dakika tano, kisha kumi, kukatika, fungua. Chini ya hapo, andika tarehe na sekunde zako, uje upime tena baada ya mwezi. Dereva mwenye rekodi ya namna hiyo kwenye simu yake hadanganywi na mtu.

Ukifungua, fungua kwa ukamilifu. Slivu ipimwe juu, katikati na chini, kwa mbele na nyuma, kisha kwa kushoto na kulia, vipimo sita. Nafasi kati ya pistoni na slivu ikifika 0.10 mm, peleka slivu ikatobolewe kwa saizi inayofuata: 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00 mm, na ununue pistoni kwanza ndipo fundi wa mashine atoboe kwa kuifuata pistoni hiyo. Kuweka ringi mpya kwenye slivu iliyolika ni kutupa pesa. Pale juu ringi ya zamani ilipokomea kuna kingo, na ringi mpya yenye pembe kali inaigonga kingo hiyo mpaka inavunjika. Ukinunua bloku mpya nzima na pistoni yake, bado sukuma ringi peke yake ndani ya slivu, inyooshe kwa kichwa cha pistoni, na upime mwanya wa ncha zake. Kati ya 0.15 na 0.35 mm ni sawa. Ringi zisizo na mwanya zikipata moto zinakutana ncha na kukwangua slivu siku hiyohiyo.

Na pistoni ina mbele na nyuma. Alama ya IN inaelekea upande wa kabureta. Kama kuna mshale, unaelekea ekzosi. Tundu la pini kwenye pistoni nyingi halikuwekwa katikati kabisa, limesogezwa kidogo ili pistoni ihame ukuta taratibu inapofika juu. Ukiigeuza, inahama kwa kishindo, na injini mpya kabisa inagonga kila asubuhi tangu siku ya kwanza. Mwenye pikipiki akilalamika kwamba injini imetoka kutengenezwa na bado inagonga baridi, jambo la kwanza kuuliza ni hilo.

Kwa injini za cheni, mlio wa kuchakacha kama punje za mahindi ndani ya debe, upande mmoja wa bloku, kwa sekunde chache za mwanzo na tena unapoachia resi, ni cheni ya taimingi imelegea. Wengi hukimbilia kununua cheni wakati kitensheni ndicho kilichokwama. Weka injini kwenye alama ya T, toa kitensheni, na kuanzia hapo usizungushe krenki hata kidogo, kwa sababu cheni isiyoshikiliwa inaruka meno na valvu zinakutana na pistoni. Tazama ulimi wake ulikuwa umetoka kiasi gani. Ukiwa umebakiza kidogo kufika mwisho, cheni imerefuka, ibadilishe pamoja na reli zake. Ukiwa umetoka kidogo na hausogei ukiusukuma au kuuvuta, kitensheni ndicho kibovu. Vile vya skrubu ndani, rudisha ulimi kwa bisibisi ndogo, funga bolti zake mbili ukiwa umeushikilia, kisha achia, utausikia ukiruka kuikamata cheni. Anayekifunga ulimi ukiwa nje analazimisha, na anapasua kasha lake.

Klachi ina jaribio lake rahisi. Pikipiki ikiwa nyutro inanguruma, vuta mkono wa klachi. Mlio ukikata au ukibadilika, tafuta kwenye kikombe cha klachi, springi zake au beringi ya shafti ya gia. Usiguse silinda.

Ekzosi inadanganya wengi. Mlio wa tapu-tapu mkali, mbele ya hedi, unaopotea bomba likipata moto, unafanana na tapeti kiasi cha kumtoa fundi mzoefu njiani. Paka maji ya sabuni kwa brashi kwenye maungio kabla ya kuwasha, kisha washa na uangalie povu kwa zile sekunde chache bomba likiwa bado linashikika. Au tafuta masizi meusi kuzunguka maungio. Gasketi ni pete ndogo ya bei ndogo. Kaza nati zake mbili kwa zamu, kidogo kidogo, injini ikiwa baridi, maana stadi za pale zimeungua miaka na hukatika kwa hasira ya mkono.

Kuna mlio mmoja ambao hautakiwi kusubiri. Ni kishindo kizito cha chini, kwenye krenkesi, kisichopungua injini ikipata moto bali kinaongezeka, hasa ukipakia watu na kupanda mlima. Hiyo ni beringi ya chini ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki. Zima, sukuma, usiende hata kituo kinachofuata. Lakini kabla ya kuhukumu krenki, fungua kifuniko cha magneto na ukague nati yake, kwa sababu magneto iliyolegea kwenye shafti hutoa kishindo kilekile kabisa, na dawa yake ni nati na kile kipande kidogo cha chuma kinachoizuia isizunguke kwenye shafti. Ikiwa nati imekaza, toa plagi, shusha mrija wa plastiki mpaka uguse kichwa cha pistoni, na utikise magneto mbele na nyuma pole pole pistoni ikiwa karibu na juu. Magneto ikitembea kidogo na kusikika tiki kabla mrija haujasogea, kuna uwazi kwenye pini au chini ya konrodi. Ukishafungua bloku, vuta konrodi wima, juu na chini: isicheze kabisa. Kucheza kushoto na kulia kwa robo milimita hivi ni kwa kawaida, iliumbwa hivyo ili oili ipite, na konrodi nyingi nzima zimetupwa kwa sababu ya mchezo huo wa pembeni.

Oili inayomwagwa nayo isitupwe bila kusomwa. Imwage ikiwa ya moto, ipitishe kwenye kitambaa cheupe, pitisha sumaku ya spika mbovu. Unga laini kama masizi ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyonata kwenye sumaku ni gia au beringi. Magamba yanayong'aa yasiyonata ni alumini, na mara nyingi ni pistoni. Kwenye CG, safisha pia kichujio cha wavu na kile kikombe kinachozunguka kwenye ncha ya krenki nyuma ya kifuniko cha klachi. Tope linajikusanya humo gumu kama ugali wa jana, na ukiliacha, oili inapunguzwa njia ya kwenda juu. Kuhakikisha oili inafika, fungua kifuniko cha tapeti, washa taratibu bila resi: ndani ya dakika moja roka ziwe zimelowa oili mpya. Zikibaki kavu, zima, tafuta pampu na njia zake.

Juu ya aina ya oili niseme wazi, kwa sababu hapa ndipo kipupwe kinapotuumiza. Oili ya kupima kutoka kwenye pipa, ile ya namba moja ya SAE 40, asubuhi ya Njombe inamiminika kama asali. Injini inawaka na kukaa kavu juu huku pampu ikihangaika. Namba yenye W ndiyo inayoeleza tabia ya oili kwenye baridi, na kadiri ilivyo ndogo ndivyo oili inavyowahi kufika. Huku nyanda za juu 10W-40 yenye alama ya JASO MA inafaa kwa injini ambayo haijalika sana, na 20W-50 kwa iliyochoka kidogo. Alama hiyo ya MA ni kwa ajili ya klachi, ambayo inaogelea kwenye oili ileile, na oili za magari za kupunguza msuguano huifanya iteleze. Wale wanaomimina oili ya gia ili mlio unyamaze, au unga na dawa za chupa, wananyamazisha sikio la mnunuzi. Pistoni inaendelea kulika, na roka zinakaa kavu muda mrefu zaidi kila alfajiri.

Kuwasha nako kuna adabu yake. Fungua koki, choki juu, kiki, na usiguse resi kwa nusu dakika. Shusha choki mara injini inapokubali, kwa sababu choki iliyoachwa dakika kumi inamwaga petroli ya ziada inayoosha oili kwenye slivu. Dakika moja au mbili zinatosha, kisha ondoka kwa upole kilomita ya kwanza. Kuna vijana wanaopiga resi kubwa pikipiki ikiwa ndiyo kwanza imewaka ili "ipate moto haraka". Hapo ndipo pistoni baridi inapigwa ukutani kwa nguvu zote.

Kwa matajiri nina neno moja. Dereva wa mkataba anajua pikipiki inagonga muda mrefu kabla yenu, lakini akisema, siku hiyo hana hesabu ya kuwaletea, na hesabu haisubiri. Mpeni asubuhi moja kila baada ya miezi mitatu isiyodaiwa hesabu, pikipiki ilale gereji usiku wake. Kwa asubuhi hiyo tapeti zinasetiwa, oili inanuswa, mlio unapimwa kwa saa. Na dereva akiileta, amwambie fundi mambo haya bila kuongeza jina la ugonjwa: mlio unaanza lini, unachukua sekunde ngapi kukata, unabadilika ukivuta klachi au hapana, oili iliongezwa lini na kiasi gani. Jina la ugonjwa amwachie fundi, naye fundi asilitaje mpaka bisibisi iwe imegusa sehemu zote nne na injini ikiwa bado inashikika kwa kiganja.

Wako,
Fundi pikipiki,
Njombe